Internati (shule ya bweni) ya milimani kwa mtoto wa miaka 12: tuangalie nini?

Swali: "Jambo sana, Mzee Prefe. Niko na watoto wanne, tunakaa Kadutu, hapa Bukavu. Binti yetu wa tatu ana miaka 12, yuko mwaka wa sita wa msingi, atafanya ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi, mwaka huu. Nyumbani ni padogo, umeme unakatika kila mara, usiku hapati utulivu wa kusoma. Baba yake anataka tumpeleke kwenye internati ya masista milimani, upande wa Walungu, inasifiwa sana kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Shangazi yake anakaa Kamembe. Yeye anasema kuna internati nzuri milimani kwao Rwanda, upande wa Nyamagabe, wanafundisha kwa Kiingereza. Mimi naogopa baridi kwa sababu mtoto anabanwaga na asma. Tumepanga kutembelea zote mbili mwezi wa saba. Tuangalie nini?"

Jibu:

Mama, jambo sana, na unisalimie Baba watoto.

Kwanza badilisheni tarehe. Julai ni mwezi mbaya kuliko yote wa kuangalia internati ya milimani. Ni kiangazi, barabara imekauka, watoto wako kwao, bweni limepakwa chokaa upya. Mtaonyeshwa vitanda vitupu vilivyotandikwa vizuri, mtarudi mmefurahi. Lakini mwaka wa masomo, kwetu na hata Rwanda, unaanza Septemba pamoja na mvua, na mvua hiyo haituachi mpaka Mei. Karibu kila siku ambayo binti yenu atakuwa kule itakuwa siku ya msimu wa mvua. Kwa hiyo nendeni Mei, siku ya kawaida isiyo na sherehe, mfike saa tisa au saa kumi alasiri, mwombe kubaki mpaka watoto waende kulala. Prefe, yaani mkuu wa shule, akikataa bila sababu inayoeleweka, hapo mmeshajibiwa.

Nasema jioni kwa sababu mchana masomo yetu yanafanana. Mwalimu wa hesabu wa Walungu na yule wa Kadutu huenda wote wametoka ISP, chuo cha ualimu cha Bukavu, wanafuata programu moja ya taifa, na mshahara wanaungoja pamoja. Mnachokilipia mkimpeleka mtoto internati ni zile saa 14 kati ya kengele ya jioni na kengele ya asubuhi. Nilikuwa msimamizi wa bweni kabla ya kuwa prefe, na wazazi niliowapokea waliuliza asilimia ya Exetat, waliuliza bei, wakaangalia kapela. Wachache sana waliuliza: usiku, nani analala na watoto?

Basi ninyi ulizeni hilo kabla ya mengine yote, na msikubali kuambiwa "masista wako hapa." Anaitwa nani huyo anayelala nao? Chumba chake kiko wapi: ndani ya bweni, mlango wa pili, au ng'ambo ya uwanja? Anaangalia wasichana wangapi peke yake? Akiugua au akienda mjini, nani anashika nafasi yake? Mwombe akutane nanyi. Mtu anayelala na watoto kila usiku anawajua: atakwambia yule mdogo anaota kwa sauti, wale wawili hawawezi kuwekwa kitanda jirani. Kama hajui majina, ujue analala kwingine.

Halafu tembeeni ninyi wenyewe kutoka kitanda mpaka choo, kwa giza. Mtoto wa miaka 12 atapita njia hiyo saa nane usiku, mvua ikinyesha. Kuna taa? Kuna utelezi? Njia inapita karibu na nyumba ya mlinzi au nyumba za walimu wanaume? Hapa niseme waziwazi, maana ni mtoto wa kike na wengine watakuzungusha. Ulizeni kama mwalimu mwanaume ana ruhusa ya kumwita msichana peke yake baada ya masomo, iwe kwa kurudia somo, kumfulia au kumchotea maji. Jibu ninalolikubali mimi ni moja: hapana, na kila mtu hapa anajua hapana hiyo. Ulizeni pia msichana akiwa na jambo la kushtaki anamwendea nani, na kama huyo ni mwanamke. Na choo chenyewe kina mlango unaofungwa kwa ndani? Kuna maji ya kujiosha na mahali pa kutupa vitambaa vya hedhi? Binti yako yuko kwenye umri huo, na nimeona wasichana wenye akili nzuri wakipoteza siku kadhaa za masomo kila mwezi kwa sababu ya mlango usio na komeo.

Sasa moto. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, huko Nyeri, kwenye nyanda za juu za Kenya, liliungua. Watoto 21 walikufa. Bweni lilikuwa limejengwa kwa mbao, na zaidi ya wavulana 150 walikuwa wanalala ndani. Milimani mbao ni rahisi kupata na zinakata baridi, kwa hiyo na kwetu utaziona. Kenya ina kanuni za usalama wa shule tangu 2008, zimeandikwa vizuri, na mimi nazitumia kama kipimo hata upande huu wa ziwa: kati ya kitanda na kitanda mita 1.2, njia ya katikati isipungue mita 2, mlango kila upande wa bweni na mwingine wa dharura katikati, milango yote ifunguke kuelekea nje, madirisha yasiwe na nondo. Kwa maneno ya karatasi hata Kenya yenyewe haikupona, kama mnavyoona, lakini ninyi mtakuwa na macho yenu. Internati nyingi za wasichana huku kwetu zina nondo kwenye kila dirisha na kufuli moja mlangoni, "kwa usalama." Ninaelewa wanaogopa nini, kwa nchi tuliyo nayo. Basi ulizeni: ufunguo unakaa wapi usiku, na nani mwingine ana wa pili? Mkikuta mlango unafungwa kwa nje na mwenye ufunguo analala mbali, geuzeni gari. Na ulizeni umeme ukikatika watoto wanasomea nini. Taa za sola, vizuri. Mshumaa au koroboi chini ya chandarua, hapana.

Mlima wenyewe una mambo yake. La kwanza ni ule mteremko ulio juu ya bweni. Mnakumbuka Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe: mvua ya jioni, mito ikashuka na mawe na tope, zaidi ya watu 400 wakafa. Simameni nyuma ya bweni mtazame juu. Kama ni miti ya zamani yenye mizizi, au majengo yako juu ya mgongo wa kilima, sina neno. Kama juu kumelimwa mihogo mpaka ukingoni, kama miti imeinama kuelekea chini, kama ukuta wa nyuma una nyufa mpya au maji yanatoka ardhini mahali ambapo hayakuwa yakitoka, msimpeleke mtoto hapo hata kama asilimia ni 100. Ulizeni wenyeji wanaolima jirani, hao hawana cha kuuza.

La pili ni radi. Hesabu za satelaiti zilizotolewa 2016 ziliweka milima hii yetu ya mashariki ya Kongo kuwa ya kwanza Afrika nzima kwa radi, zaidi ya mipigo 200 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Duniani tunapitwa na ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Habari za radi ya kutumwa mnazijua, siingii humo. Mimi naangalia paa: kuna fimbo ya kinga ya radi, na waya wake unashuka mpaka ardhini bila kukatika? Mara nyingi fimbo ipo, waya umeibwa kwa ajili ya shaba. Halafu muulizeni mtoto yeyote: ngurumo zikianza mnacheza mpira au mnaingia ndani? Mtoto hatawadanganya.

Tuje kwenye baridi, ambayo ndiyo inakuogopesha. Mama, hewa inapoa karibu nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000. Bukavu tuko kama mita 1,500. Kilima cha Walungu kinachokaribia mita 2,000 kitakuwa na baridi ya nyuzi 3 zaidi ya hapa kwetu. Nyamagabe, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, ni nyanda za juu pia, na sehemu zake nyingi zinapita mita 2,000. Hizo nyuzi 3, kwa blanketi mbili na fulana ya sufu, mtoto anazimudu. Kinachomwamsha mtoto wa asma akitafuta pumzi ni vitu vingine: moshi wa jiko la kuni linalopumulia bwenini, ukungu mweusi kwenye kuta zisizokauka, godoro lenye unyevu, mafua yanayozunguka kwa watoto waliobanana, na mbio za lazima saa kumi na moja alfajiri katika hewa baridi. Kwa hiyo mkifika, mtafute jiko liko upande gani wa upepo. Shikeni godoro kwa mkono, nuseni chumba. Muulize sista mambo ya mbio na maji ya kuoga, kama mtoto mwenye cheti cha daktari anasamehewa.

Na hili msilipatanie na yeyote: pampu yake ya asma inakaa naye, mfukoni au chini ya mto. Internati nyingi zina desturi ya kukusanya dawa zote na kuzifungia ofisini. Kwa vidonge vya minyoo, sawa. Pampu ya asma iliyofungiwa kwenye kabati saa nane usiku haina kazi. Mkataliwe mkiwa bado hapo mbele ya prefe kuliko kugundua baadaye. Kabla ya Septemba mpitishe kwa daktari, aandike karatasi ya ukurasa mmoja: dalili za kuanza, pumzi ngapi za pampu, na wakati gani hakuna kungoja tena, ni kwenda hospitali. Kisha ulizeni: hospitali ipi, kwa gari la nani, usiku wa mvua? Kama jibu ni pikipiki ya kijijini, hesabuni muda. (Mzazi mwenye mtoto wa selimundu, wale tunaowaita SS, asome sehemu hii mara mbili. Baridi na kukosa maji ya kunywa huleta mashambulizi ya maumivu, na mtoto huyo sishauri aende internati ya juu bila neno la daktari wake.)

Malaria hupungua kadiri unavyopanda, hiyo ni faida ya kweli. Haiishi, chandarua kibaki. Na akishuka likizo kwa ndugu wa Uvira alale ndani ya chandarua bila ubishi, maana mwili wake utakuwa umezoea kukaa bila malaria.

Maji na chakula naviunganisha. Kama watoto ndio wanaochota maji bondeni, hesabu saa za kuchota, kisha uziondoe kwenye saa za kusoma mnazozilipia. Chakula msisome kwenye orodha ukutani. Ingieni depo. Internati ya milimani inayojiheshimu ina unga na maharagi ya wiki kadhaa, kwa sababu barabara hukatika. Bugali na maharagi kila siku si kosa, wengi wetu tumekua hivyo. Mimi naangalia kama wiki inapita na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hata mara mbili, na mboga, na kama uji wa asubuhi unakuwepo kweli.

Asilimia za Exetat nimeziacha mpaka hapa makusudi. Baba watoto atakuwa ameambiwa "kule wanapita 90, 95, 100." Huenda ni kweli. Mwambie aulize hesabu nyingine: wasichana waliomaliza mwaka wa nne wa humanites (sekondari ya juu) mwaka jana walikuwa wangapi, na darasa hilohilo lilipoanza mwaka wa kwanza wa humanites walikuwa wangapi? Shule inayoanza na 60 ikapeleka 22 kwenye mtihani, wote 22 wakapita, inatangaza 100. Wale 38 wengine wako wapi? Baadhi wamehama, baadhi wamekosa minervali (ada ya shule), na baadhi wameombwa kwa upole wakatafute shule nyingine ili asilimia isiharibike. Binti yako anaweza kuwa kati ya 22, anaweza kuwa kati ya 38. Ulizeni pia opsheni, yaani mkondo wa masomo. Akitaka baiolojia na kemia na wao wana pedagogi tu, atahama akiwa na miaka 14. Na muone hati ya kibali cha wizara kwa kila opsheni, sio kwa shule tu.

Nije Rwanda. Sina chuki na ng'ambo. Nimepeleka jamaa zangu kule na wamefundishwa vizuri. Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia tangu uamuzi wa 2008, na mtoto anayekijua ana mlango mwingine maishani. Lakini yapangeni mambo haya mezani. Binti yenu amesoma kwa Kifaransa miaka sita. Mwaka wa kwanza atakuwa bubu darasani, kisha atainuka, watoto huinuka. Kule atafanya mtihani wa taifa baada ya miaka mitatu, kisha mwingine baada ya sita. Akirudi katikati, bulteni zake (ripoti za alama) hazikai moja kwa moja na darasa letu. Akimaliza kule na kutaka chuo kikuu hapa, lazima cheti kitafutiwe ulinganisho Kinshasa. Kwa hiyo anayeanza kule ni afadhali amalizie kule, na hiyo ni ahadi ya miaka sita ya kulipa. Shangazi atakuwa ametaja bei nafuu: serikali ya Rwanda mwaka 2022 iliweka kikomo cha faranga 85,000 kwa muhula kwa internati za umma na zinazosaidiwa na serikali. Lakini wanafunzi wa shule hizo hupangwa na serikali kufuatana na mtihani wao wa msingi, na shule za binafsi, ambako Wakongomani wengi huingia, zinajiwekea bei.

Na kuna daraja. Kamembe mnaiona kutoka Bukavu, lakini kati yenu kuna mpaka. Machi 2020, kwa sababu ya Kovidi, mpaka ulifungwa, na aliyekuwa upande mmoja akabaki huko. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu na mji ukabadilika kwa wikendi moja, benki zikafunga. Hapa mlima wa Walungu nao hauna kinga. Vita inapita pia kwetu vijijini, tena huko mara nyingi inatangulia. Swali lenu kwa shule zote mbili ni lilelile: siku njia ikifungwa, mtoto anakwenda wapi, kwa nani, na nani ana ruhusa ya kumchukua? Kwa Rwanda mna jibu zuri, shangazi, mradi shule iwe na jina lake, simu yake na barua ya ninyi wazazi wote wawili kabla ya siku ya kwanza. Kwa Walungu, mna ndugu au parokia gani karibu? Kama hakuna, mtafute mtu sasa.

Mkiniuliza mimi: kati ya hizo mbili naegemea Walungu. Ni kama kilomita 40, mnaweza kufika siku ileile mkiitwa, mtoto anabaki katika lugha yake ya masomo. Nyamagabe ni kuvuka mpaka na msitu wa Nyungwe kwa mtoto mwenye kifua chepesi. Lakini Walungu iwe na mtu anayelala bwenini, mlango usiofungwa kwa nje, na ruhusa ya pampu. Ikikosa hata moja kati ya hayo, mwacheni Bukavu mwaka wa 7 na wa 8, ile miwili ya kwanza baada ya msingi, hata kama ni kwa kumtafutia mahali pa kusomea jioni kwa bibi au kwa jirani mwenye sola. Baada ya TENASOSP, mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka wa 8, atakuwa na miaka 14, atajua anataka opsheni gani, na internati ya milimani itakuwa bado iko pale pale.

Yeye mwenyewe mmemuuliza? Katika barua yako nimesikia Baba, shangazi na wewe. Mchukueni kwenye ziara hiyo ya Mei, mwacheni nusu saa na wasichana wa mwaka wa 7 bila mtu mzima, msimwulize kitu mpaka mfike nyumbani. Mwezi wa nane akalale kwa shangazi wiki mbili, muone anavyokaa mbali nanyi. Wiki za kwanza atalia, karibu wote hulia, na kwa wengi inapungua kabla ya likizo ya Krismasi. Ila kuna kilio cha ukiwa na kuna kilio cha hatari, na kwa simu ya ofisi, sista akiwa amesimama pembeni, hamtaweza kuvitofautisha. Kwa hiyo pangeni swali moja la kawaida kabisa, mfano "mjomba amerudi Kindu?", na akiliuliza mjue maana yake ni njooni kesho. Mkisikia, nendeni kesho, hata kama mtakuta ni jambo dogo.

Pesa: elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule za msingi za umma, haifiki hapa. Dai orodha nzima kwa maandishi, pamoja na godoro, sare, kuni, dawa na mchango wa walimu, na usafiri wa kila likizo muongeze wenyewe. Lipeni muhula mmoja mmoja, hata wakiwapunguzia bei kwa mwaka mzima. Na kwenye risiti waandike kinachorudishwa ikiwa mtoto ataondolewa kwa ugonjwa au kwa vita, na prefe aweke sahihi hapo hapo mkiwa mbele yake.